Kila Saa Mbili: Lugha na Usalama wa Mgonjwa Nyumbani

Mgonjwa anaporuhusiwa kutoka hospitalini, jamaa zake hushangilia kana kwamba hatari imekwisha. Ada hulipwa, nguo hukunjwa, gari huitwa, na safari ya kurudi nyumbani huanza kwa shukrani na nyimbo. Ni nadra mtu kusimama na kujiuliza: je, huko nyumbani anakopelekwa kuna usalama kiasi gani, na ni nani aliyefundishwa kumwangalia? Swali hili ndilo nikusudialo kulijadili leo. Msomaji ataniwia radhi nikianza na kisa cha nyumbani kwetu, kwa kuwa ndicho kilichonifumbua macho.

Miaka michache iliyopita shangazi yangu, mkazi wa Elburgon, alipatwa na kiharusi kilichomlemaza upande wa kulia. Alilazwa katika hospitali moja ya eneo hili la Bonde la Ufa kwa majuma matatu, kisha akaruhusiwa kwenda kuuguziwa nyumbani. Siku ya kuondoka, muuguzi wa zamu, mama wa makamo aliyeonekana kuipenda kazi yake, alituketisha kando ya kitanda, mimi na binamu yangu ambaye ndiye angemwuguza mama yake. Akatueleza jinsi ya kumlisha, kumwogesha, na kumgeuza kitandani ili asipate vidonda. “Mgeuzeni kila masaa mawili,” akasema.

Mimi ni mwalimu wa isimu. Kalamu yangu nyekundu imelipigia mstari neno “masaa” katika mamia ya insha za wanafunzi. Kwa mazoea, na pengine kwa majivuno kidogo, nikamwambia kwa tabasamu, “Kila saa mbili, mama.” Muuguzi akacheka, akaniomba radhi, na kurudia kwa Kiswahili sanifu: “Haya basi, Daktari, kila saa mbili.” Binamu yangu akaandika katika daftari lake: “Kumgeuza mama – kila saa mbili.”

Baada ya siku kumi hivi nilikwenda Elburgon kumjulia shangazi hali. Chumbani mlikuwa na harufu ambayo sikuitambua. Nikamwuliza binamu yangu kama anamgeuza mama ipasavyo. Akanijibu bila kusita: “Sijakosa hata siku moja, kaka. Namgeuza saa mbili asubuhi kabla ya uji, na saa mbili usiku kabla ya kulala.” Mgonjwa aliyestahili kugeuzwa mara kumi na mbili kwa siku alikuwa akigeuzwa mara mbili. Kidonda kilikuwa kimekwisha kuchimbika mwisho wa uti wa mgongo, na kilituchukua karibu miezi mitano kukiponya.

Ni nani wa kulaumiwa? Muuguzi alisema sawa. Binamu yangu alitii sawa. Lakini mimi, niliyejiona mlinzi wa lugha, niliondoa silabi moja iliyokuwa na manufaa na kuacha utata mahali pake. Katika Kiswahili sanifu nomino “saa” haibadiliki katika wingi. Kwa sababu hiyo “saa mbili” huweza kuwa muda wa dakika mia moja na ishirini, na huweza pia kuwa wakati fulani asubuhi au usiku. Watu wa kawaida katika Nakuru, Naivasha na Molo wameutatua utata huu zamani bila kumwomba profesa ruhusa: saa mbili ni wakati, masaa mawili ni muda. Wanasarufi tumeikataa tofauti hiyo darasani, nayo inafanya kazi nyumbani kila siku.

Sisemi haya ili kuhalalisha kila kosa la kisarufi. Nasema ili kuonyesha kwamba usalama wa mgonjwa nyumbani hauanzii kwenye dawa peke yake. Unaanzia katika mambo mawili ambayo mara nyingi tunayapuuza: kuikagua nyumba atakamolala, na kumfundisha atakayemwangalia kwa namna inayoeleweka.

Tuanze na neno lenyewe. Kitenzi “kuuguza” kimetokana na “kuugua”, kama vile “kupunguza” kilivyotokana na “kupungua”. Kwa kanuni ya unyambuaji tungetarajia kuuguza kuwe na maana ya kumfanya mtu augue. Lakini wazee wetu walikitumia kwa maana ya kumtunza mtu katika ugonjwa wake, nao walikuwa wakiuguzana majumbani kabla ya hospitali ya kwanza kujengwa katika nchi hii. Hata Florence Nightingale, anayetajwa kama mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, kitabu chake cha mwaka 1859 hakukikusudia kiwe mwongozo wa wauguzi wa hospitalini. Alikiandika kwa ajili ya wanawake wanaotunza afya ya wengine nyumbani, na humo alisisitiza mambo matano yanayoifanya nyumba iwe na afya: hewa safi, maji safi, njia nzuri za kuondoa maji machafu, usafi na mwanga. Nyumba ikiyakosa hayo, kitenzi chetu hurudi kwenye maana ile ya kanuni: humwuguza mgonjwa kwa kumfanya augue zaidi.

Nchi yetu nayo ina historia katika jambo hili. Mnamo Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa. Wakati huo dawa za kupunguza makali ya virusi hazikuwa zimewafikia wananchi wa kawaida, na wodi zilikuwa zimejaa. Familia zilibeba mzigo, na mwaka 2002 Wizara ya Afya ikatoa mwongozo wa kitaifa wa utunzaji wa wagonjwa nyumbani. Mwaka 2020 ulipozuka ugonjwa wa korona, nyumba ziligeuzwa tena kuwa wodi, na mwezi Juni wa mwaka huo Wizara ikatoa taratibu za kuwatenga na kuwatunza nyumbani wagonjwa wasio mahututi. Mnamo Septemba 2023 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, kila mmoja akipewa mkoba wenye vifaa kama kipima shinikizo la damu, kipima sukari na mizani. Yote hayo ni ya kusifiwa. Hata hivyo, kipima shinikizo kinampima mgonjwa. Hakiipimi nyumba.

Kaunti ya Nakuru ilikuwa na watu 2,162,202 katika sensa ya mwaka 2019, na mji wake ulipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021. Ndani ya kaunti hii moja mna nyumba za aina nyingi: vyumba vya kupanga vya Kaptembwo na Rhonda ambamo familia nzima hulala, hupika na kula pamoja, nyumba za mbao za Elburgon na Molo, makao ya wafanyakazi wa mashamba ya maua kandokando ya Ziwa Naivasha, na maboma ya wafugaji upande wa Gilgil na Mai Mahiu. Hatari zake hazifanani. Orodha ya ukaguzi iliyonakiliwa kutoka London au Chicago, inayouliza kuhusu mazulia na mabafu ya kuoga, haitamsaidia mgonjwa wa Rhonda ambaye choo chake kiko ng’ambo ya ua na hutumiwa na nyumba kumi.

Hebu tuitazame hatari moja iliyo yetu hasa, nayo ni baridi. Molo na Kuresoi ni nchi ya juu, na usiku wake huuma. Mgonjwa hutetemeka, na jamaa kwa upendo humwingizia jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango na kuziba nyufa za dirisha. Makaa yanayowaka katika hewa haba hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hunata kwenye chembe nyekundu za damu kwa nguvu kubwa kuliko oksijeni, hivyo mwili hukosa pumzi huku mtu akidhani anasinzia tu. Asiyeweza kuinuka kitandani wala kupaza sauti ndiye hufa kwanza.

Mgonjwa wa kisukari ana hatari nyingine. Maradhi hayo yanapokomaa huharibu mishipa ya fahamu, na nyayo hupoteza hisia. Mtu huyo huota moto, miguu ikaungua asijue, na kidonda hicho chaweza kumfikisha mahali pa kukatwa mguu. Dawa yake ya insulini nayo haitaki joto la jiko wala jua la dirishani, na asiye na jokofu huweza kuihifadhi katika chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mkiwa na mchanga ulioloweshwa maji. Anayetumia mashine ya oksijeni hastahili kukaribiwa na mshumaa, kibatari wala kiberiti, maana oksijeni huufanya moto mdogo uwe mkubwa kwa nukta chache. Wa kifua kikuu anahitaji dirisha lifunguliwe, ilhali jirani anashauri lifungwe. Na mafuta ya taa yaliyotiwa katika chupa ya soda huwangoja mtoto mwenye kiu na mzee asiyeona vizuri.

Kisha kuna kuanguka. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha wastani. Wanaokufa zaidi ni wazee wa miaka 60 na kuendelea. Hapa kwetu mzee huanguka usiku akielekea msalani, gizani, matope ya masika yakiwa mlangoni. Kamba ya mkonge iliyofungwa kutoka mlangoni hadi chooni, tochi chini ya mto, mti imara wa kushikilia ukutani, au ndoo yenye kifuniko kando ya kitanda, si vitu vya gharama. Vinahitaji mtu wa kuviona kwamba havipo.

Mtu huyo atavionaje asipoingia ndani? Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Lakini kuingia nyumbani kwa mtu ili kuikagua ni jambo la adabu na la lugha pia. Mhudumu akifika na karatasi na kuuliza, “Mna choo? Mna dirisha? Mnalala wangapi?” mwenye nyumba husikia mashtaka. Atajibu kwa kulinda heshima yake, na majibu hayo hayatamlinda mgonjwa. Afadhali aombe: “Mama, hebu nionyeshe unavyotoka kitandani hadi msalani usiku.” Ombi la namna hiyo humfanya mwenye nyumba kuwa mwalimu na mgeni kuwa mwanafunzi. Katika hatua ishirini za njia ile mhudumu ataona kizingiti kilichoinuka, ndala iliyokatika na taa isiyokuwapo. Aidha ni lazima aulize ni nani hasa atakayemwosha mgonjwa. Katika jamii kadhaa za Bonde la Ufa kuna mipaka ya heshima baina ya wakwe, na mpango wa utunzaji usiojua mipaka hiyo hautafuatwa hata ukiandikwa kwa wino wa dhahabu.

Iko methali nyingine tuipendayo, kwamba mgonjwa haulizwi uji. Ni methali ya huruma, inayotaka mgonjwa apewe bila kusumbuliwa. Lakini katika mambo ya usalama inafaa tuipe mipaka. Mgonjwa ndiye ajuaye kwamba kitanda kinayumba, kwamba vidonge viwili vinafanana gizani, kwamba mjukuu husahau kufunga mlango. Asipoulizwa, habari hizo hubaki naye.

Sasa nije kwenye mafunzo, na hapa nawageukia walimu wenzangu. Swali linaloulizwa sana wodini, na darasani vilevile, ni “Mmeelewa?” Jibu lake ni “Ndiyo.” Kila mwalimu ajua kwamba jibu hilo halipimi kitu. Mwanafunzi husema ndiyo ili asionekane mjinga, na jamaa ya mgonjwa husema ndiyo kwa sababu muuguzi ana haraka na gari linangoja nje. Wataalamu wa uuguzi wana njia iliyo bora, nayo ni kumwomba msikilizaji aeleze kwa maneno yake mwenyewe, au aonyeshe kwa mikono yake, atakachofanya akifika nyumbani. Laiti muuguzi yule, au mimi niliyekuwa kando yake, angalimwuliza binamu yangu, “Kesho utamgeuza mama wakati gani na wakati gani?” tungalisikia “saa mbili asubuhi na saa mbili usiku”, na kosa lingalirekebishwa palepale. Swali hilo lingalichukua nusu dakika. Kidonda kilichukua miezi mitano.

Utata wa saa hauishii kwenye kugeuza. Dawa ya kumezwa “kila saa nane” yaweza kumezwa mara moja kwa siku, alasiri, saa nane kamili. Anayeambiwa kwa Kiingereza ameze “saa nane” ya Mzungu akaandika 8, kisha mwenzake akaisoma nambari hiyo kwa Kiswahili, atakuwa amepotea kwa saa sita. Bahasha ya dawa iliyoandikwa 1 x 3 humwacha mlezi akijiuliza kama ni kidonge kimoja mara tatu au vidonge vitatu mara moja. Tiba ya utata huu ni kuacha vipindi na kutaja nyakati zenyewe: saa kumi na mbili alfajiri, saa mbili, saa nne, saa sita, na kuendelea, kila wakati ukiwa na kisanduku cha kutiwa alama. Asiyejua kusoma achorewe jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi.

Hili si suala la hisani. Katiba ya mwaka 2010 katika kifungu cha 7 inaitambua lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachoweza kufikiwa, na kifungu cha 57 kinawapa wazee haki ya kutunzwa na familia zao na Serikali. Nayo Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 8, inataka maelezo anayopewa mgonjwa yawe, inapowezekana, katika lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Hata hivyo karatasi ya kuruhusiwa aliyopewa shangazi yangu ilikuwa ya Kiingereza kitupu, iliyojaa vifupisho ambavyo hata mimi, mwenye shahada tatu, sikuvielewa.

Zipo hoja mbili za kunipinga, na zote zina uzito. Ya kwanza ni kwamba wauguzi ni wachache na wamechoka. Tukiwaongezea ukaguzi na mafunzo tutakuwa tunawaonea. Nakubali kwamba ni wachache. Lakini mgonjwa anayerudishwa wodini na kidonda au mfupa uliovunjika huwaongezea kazi kubwa kuliko maelezo ya dakika kumi. Ukaguzi wa nyumba si lazima uwe mzigo wao pekee; wahudumu wa afya ya jamii tayari huzitembelea nyumba hizo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, kwamba hatari kubwa nyumbani ni umaskini wala si lugha. Mwenye chumba kimoja utamwambiaje atoe jiko nje usiku wa mvua? Ni kweli, na mafunzo yasiyojali mfuko wa mtu ni dhihaka. Lakini kwa sababu hiyohiyo ukaguzi unahitajika. Anayekijua chumba hicho atasema: liwashe jiko nje hadi moshi uishe, pika mlango ukiwa wazi, kisha litoe kabla ya mtu yeyote kulala, na mgonjwa umwongeze blanketi na soksi. Maskini hahitaji kuhubiriwa nyumba asiyo nayo. Anahitaji ushauri wa nyumba aliyo nayo. Na pale ambapo ushauri hautoshi, ripoti ya mhudumu iwe ushahidi wa kuidai kaunti, ambayo tangu mwaka 2013 ndiyo yenye dhamana ya huduma za afya mashinani.

Napendekeza basi mambo matatu. Kwanza, kila hospitali katika kaunti za Bonde la Ufa ya kati iwe na karatasi ya kuruhusiwa iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi, ikijaribiwa kwa walezi wa kweli kabla ya kuchapishwa, na maelezo ya mdomo yatolewe kwa Kikalenjin, Kikikuyu, Kimaasai, Ekegusii au lugha yoyote ya mlezi inapohitajika. Pili, vyuo vyetu vishirikiane. Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro na kile cha Kabarak vinafundisha uuguzi, na Chuo cha Mafunzo ya Udaktari kina tawi Nakuru. Ni aibu kwamba mwanafunzi wa isimu na mwanafunzi wa uuguzi waweza kusoma katika chuo kimoja kwa miaka minne bila kuketi meza moja. Tasnifu ngapi zimeandikwa juu ya ngeli, na ngapi juu ya maneno ya wodini?

Tatu, shule zisiachwe nyuma. Katika nyumba nyingi anayebaki na nyanya mgonjwa jioni ni mwanafunzi. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuagiza insha ya maelekezo: eleza hatua kwa hatua jinsi ya kumsaidia mgonjwa kutoka kitandani hadi kitini. Insha hiyo isomwe na mwanafunzi mwingine, naye afanye kama ilivyoandikwa, neno kwa neno, mbele ya darasa. Hapo ndipo wanafunzi watakapoona kwamba sentensi yenye utata yaweza kumwangusha mtu.

Kuhusu kalamu yangu nyekundu, bado ninaitumia. Mwanafunzi akiandika “masaa” katika mtihani, kanuni ni kanuni, nami nitampigia mstari. Lakini siku hizi naandika pembeni swali ambalo zamani sikulijua: je, hapa ulikusudia wakati au muda? Shangazi yangu angali hai, na binamu yangu humgeuza mara kumi na mbili kwa siku, akifuata karatasi yenye visanduku iliyobandikwa ukutani. Juu ya karatasi hiyo ameandika kwa herufi kubwa, nami sikuthubutu kumsahihisha: KILA MASAA MAWILI.